Bitana ya Mfuko wa Msahafu

Mimi ni mwoga. Nimekuwa hivyo tangu utotoni kule Mbinga, nilipokuwa nalala na sare za shule mwilini kwa kuogopa kuchelewa kuhesabiwa namba asubuhi. Nimekua, nimeoa, nimekuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya hapa Songea, mvi zimeanza, na bado mkuu wa shule akiniita ofisini tumbo linanikata, hata kama anachotaka ni kuniuliza funguo za maabara ziko wapi. Nalisema hili mapema kwa sababu karibu yote niliyoyafanya katika siku ninazotaka kuzisimulia niliyafanya kwa woga, na nisingependa mtu anitafutie sababu nyingine yenye heshima zaidi.

Kazi ya ngozi ilinijia kama dawa. Miaka kadhaa iliyopita kiatu changu kiliachia soli wakati wa likizo, fundi wangu alikuwa amekwenda kwao kuvuna mahindi, nami nikaona aibu kumpelekea fundi mwingine kiatu chenye hali ile. Nikanunua msharasi, ile sindano nene yenye mpini wa mti ambayo mafundi hutobolea viatu, nikakishona mwenyewe. Nilikishona vibaya. Lakini kwa saa nzima niliyokuwa nimekiinamia sikuogopa kitu chochote, na hilo halikuwa limewahi kunitokea.

Basi nikaanza kuangalia video kwenye simu. Nikajifunza kushona kwa uzi mmoja na sindano mbili, moja inatoka kulia na nyingine kushoto, zinapishana ndani ya tundu lile lile, ili upande mmoja ukikatika upande wa pili ubaki umeshika. Nikakunja meno ya uma wa kulia chakula, nikapata kifaa cha kupimia matundu. Uzi naupaka nta ya nyuki inayotoka Namtumbo. Gundi natumia ile ya njano ya mafundi viatu: unapaka vipande vyote viwili, unasubiri mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo unavikutanisha. Ukishavikutanisha, basi. Gundi ile haina cha kusema samahani, ngoja kwanza nirekebishe.

Sifanyi biashara. Nashona pochi, vifuko vya miwani, mikanda ya saa, nawapa watu. Mke wangu husema nyumba yetu pale Mshangano inanuka duka la viatu, na kwamba angejua angeolewa na fundi viatu mwenyewe, angalau angepata viatu. Ngozi mpya iliyo nzuri ni shida kuipata huku, kwa hiyo nanunua mabuti na mabegi ya kike ya mtumba siku marobota yanapofunguliwa sokoni, nayachana nyumbani. Shingo ya buti inatoa ngozi ya ng'ombe nene, ya kuaminika. Begi la kike linatoa bitana, ile ngozi nyembamba laini inayopigwa ndani ili kuficha mishono. Nilikuwa nazipenda sana bitana hizo. Kitu cha ovyo ukikitia bitana kinaonekana kimetoka dukani.

Jirani yetu, mama mtu mzima wa miaka sabini na kitu, ni mjane, Myao wa Nakapanya, aliyehamia hapa kuishi na binti yake muuguzi. Kati ya nyumba zetu kuna ua wa michongoma tu. Kwa miaka tisa nilikuwa nampa shikamoo kila asubuhi nikienda kazini, naye alikuwa akiitikia marahaba huku akiniuliza kama nimekunywa chai, kwa sauti ya mtu anayejua kuwa sijanywa. Mchana alikuwa akifundisha watoto wa mtaa Kurani barazani kwake. Siku ya Idi sahani ya pilau ilipita juu ya ua kuja kwetu. Krismasi sisi tulipeleka soda na biskuti, kwa sababu nyama ya Krismasi kwetu ni kitimoto, yaani nguruwe, yeye alilijua hilo, na katika miaka yote tisa hakuna aliyewahi kulitaja.

Mwaka jana alinifuata nikiwa uani nashona. Mjukuu wake wa kike aliyebaki Nakapanya alikuwa amehitimu Kurani, na mama alitaka kumpelekea Msahafu wa marehemu mumewe. Kilikuwa kitabu cha zamani, na marehemu mwenyewe alikuwa amekivalisha jalada la kitambaa alichokikata kwenye kanzu yake ya harusi. Mama alitaka mfuko wa ngozi wa kukisafirishia. Hakunipa kitabu. Alinipa kamba yenye mafundo matatu: mpaka hapa urefu, mpaka hapa upana, mpaka hapa unene.

“Iwe ya mnyama wa halali, mwalimu,” alisema. “Ng'ombe au mbuzi.”

“Ng'ombe, mama,” nikamjibu. “Nitaiangalia mwenyewe.”

Na ya nje niliiangalia kweli. Nilichagua shingo za buti la kazi, ngozi nene ya ng'ombe ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeitambua. Nikaitoboa kwa kipimo cha uma, nikaishona kwa uzi mweupe, mishono midogo iliyonyooka ambayo nilimwita mke wangu aje aione mara mbili. Hapo ndipo ningeishia. Mama hakuomba bitana. Bitana niliiweka kwa sifa zangu, kwa sababu upande wa ndani ulikuwa na nyuzinyuzi za ngozi na mimi nilitaka akiufungua aone kazi ya mtu anayejua. Nilikuwa na kipande kikubwa cha rangi ya kahawa kutoka begi moja la mtumba, laini kupita zote nilizowahi kushika. Nikapaka gundi, nikasubiri, nikakutanisha, nikapigilia kwa nyundo ya mbao. Sikujiuliza swali hata moja.

Nilimkabidhi Jumamosi. Alipitisha kiganja juu ya mishono polepole, akaniombea dua ndefu, mimi na watoto wangu na mikono yangu. Akakiingiza kitabu mle, akafunga kifungo, akauweka mfuko juu ya nguo ndani ya begi la safari. Alisema hataufungua tena mpaka afike Nakapanya. Basi lake lilikuwa la Jumanne.

Jumapili tulitoka misa, tukala, nikakaa uani na mabaki ya ile bitana nimshonee mke wangu kifuko cha miwani. Nina lenzi ya mkononi ya maabara ambayo naitumia kuangalia mishono. Nilikuwa naangalia ukingo wa kile kipande kama unachanika, macho yakahama kidogo, nikaona matundu ya vinyweleo. Yalikuwa matatu matatu. Matatu, nafasi, matatu, nafasi, kwenye kipande chote.

Mimi nimekulia Mbinga. Kila mwaka kabla ya Krismasi tulimwagia nguruwe maji ya moto tukamparua manyoya kwa kipande cha bati, watoto wote tumeinama juu yake, na manyoya yale yalikuwa yanatoka kwenye ngozi kwa vikundi vya matatu matatu. Nimelifundisha hilo darasani. Nimelichora ubaoni. Nikaweka lenzi chini, nikaichukua tena, nikaangalia upya kana kwamba yangepungua.

Nitaandika nilichoogopa kwa mpangilio ule ule kilivyonijia, maana ndiyo adhabu ninayojipa. Kwanza niliogopa aibu, mwalimu wa baiolojia asiyejua ngozi. Halafu niliogopa kuwa watasema nimefanya makusudi, Mkatoliki wa Mbinga, mla kitimoto, kawadhihaki. Halafu nikaona wanafunzi wangu, nusu yao Waislamu, wakinitazama asubuhi mstarini. Nikaona barua ya uhamisho. Nikaona watu wamesimama nje ya ua wetu, watu ambao hawajawahi kunifanyia lolote zaidi ya kunisalimia, na nikawaogopa kabisa kama wamekwishafika. Mama mwenyewe, na kitabu cha mumewe kilichokuwa kimekaa ndani ya ngozi ile, nilimfikia mwisho.

Mke wangu alinisikiliza akiwa anaosha vyombo. Aliniambia nivae viatu niende sasa hivi. Nikamwambia ngoja kwanza nihakikishe, huenda ni mnyama mwingine, siwezi kumtia mtu mzima hofu bure. Ameishi nami muda mrefu, anajua kuwa nikiogopa huwa mtafiti hodari.

Jumatatu nilitoka shuleni mchana nikapitia kwa fundi wangu sokoni. Nilimpa kile kipande kama mtu anayeuliza tu kwa kupita. Hakuhitaji lenzi. Alikisugua kwa kidole gumba akacheka.

“Mbuzi katoliki huyu, mwalimu. Bitana za mabegi ya Ulaya nyingi ndo hizi.”

Wanaume wawili waliokuwa wanasubiri viatu vyao wakacheka pia kwa jina hilo la utani la nguruwe, na mmoja akauliza ninataka kumshonea nani. Nilisema simshonei mtu. Niliondoka pale nikitembea haraka, nikihesabu ni watu wangapi sasa wanajua: mke wangu, fundi, wale wawili, na yeyote watakayemsimulia jioni ile.

Nilifika kwa mama saa kumi na nusu, nimeshafanya mazoezi ya sentensi njia nzima. Mama, shikamoo, nimekosea, bitana ni ya nguruwe, nisamehe. Maneno machache tu. Lakini barazani nikakuta viatu vya watu, na ndani kulikuwa na wanawake wanne wa mtaa waliokuja kumuaga, wamevaa baibui, wanakunywa chai. Wote wakanigeukia wakanisalimia vizuri. Sentensi zangu zikayeyuka.

Mama alitokea uani. Alikuwa ametoka kutawadha, alasiri bado hajaisali, maji yanamchuruzika kutoka viwikoni mpaka vidoleni. Aliniuliza kuna nini. Nikasikia mdomo wangu ukisema kuna mshono mmoja kwenye mfuko nimekumbuka sikuukaza, naomba niuchukue niukaze, nitaurudisha kabla ya magharibi.

Alifurahi. Aliwaambia wageni wake, mnamwona mwalimu, anakumbuka hata mshono mmoja. Akaleta begi la safari, akakaa, akafungua kifungo. Ningeweza kumwambia mama, kausha mikono kwanza. Ningeweza kusema nitautoa mwenyewe, ingawa kitabu kile sikuruhusiwa kukigusa. Nilisimama pale na lenzi ikiwa bado mfukoni mwa shati langu, nikamwona anaingiza vidole vyenye maji katikati ya bitana na kitabu, anavisukuma mpaka chini, anakishika kitabu na kukivuta nje. Jalada lile la kanzu likapata alama za vidole vyake, nyeusi kidogo kwa maji. Akakibusu. Akakifunga kwa kanga, akanipa mfuko mtupu kwa mikono miwili, na kuingia ndani kusali.

Nyumbani nilijaribu kuibandua bitana. Nilikuwa na wazo la kijinga kwamba nikiitoa yote, mambo yatarudi yalivyokuwa. Gundi iliishika ngozi ya ng'ombe mpaka ikachanika nayo, vipande vya kahawa vikabaki vimeng'ang'ania kila mahali. Nikautupa wote. Nikachukua shingo za buti la pili, za rangi ile ile, nikakata kwa kipimo cha ile kamba, nikashona bila bitana, bila gundi, uzi na ngozi tu. Nilijichoma msharasi vidoleni mara mbili. Nia yangu ilikuwa nimrudishie ule mpya, nimtakie safari njema, na nisiseme neno mpaka naingia kaburini. Wala sijui ni nini hasa kilichonizuia kufaulu.

Nadhani ni yeye. Wageni walikuwa wameondoka, jua limeshuka karibu na paa za mtaa wa pili, naye alikuwa amekaa peke yake barazani. Aliupokea mfuko, akapitisha kiganja kama Jumamosi, kisha akaufungua akachungulia ndani.

“Ule mwingine ulikuwa na nguo ndani,” alisema.

Nikasema ndiyo. Nilitazama vidole vyangu vyenye damu iliyokauka, na ndipo nikamwambia, kwa fujo, nikianzia mwisho kurudi mwanzo: bitana, begi la mtumba, matundu matatu matatu, fundi wa sokoni. Uso wake haukubadilika ila mikono yake miwili aliiinua kutoka mapajani na kuishika mbali na nguo zake, hewani, kana kwamba ameshika kitu cha moto.

“Ulijua lini?” akauliza.

“Jana, mama.”

“Jana.” Aliliweka neno lile kando kwanza. “Kwa hiyo saa ile mimi naingiza mikono na maji yake, wewe umesimama hapo hapo, unajua.”

“Nilijua.”

Alitazama jua. Nikamwona anapiga hesabu, na hesabu yenyewe ikawa ya dharura kuliko hasira yake. Ngozi ikiwa kavu na mkono ukiwa mkavu, aliniambia akiwa ameshasimama, hakuna kitu, ungepangusa tu ukaendelea na shughuli zako. Maji ndiyo yanayohamisha najisi. Sasa mikono ilikuwa nayo, nguo zilikuwa nayo, sala ya alasiri aliyosali baada yake haikuwa sala, na alikuwa na dakika chache za kuirudia kabla jua halijazama.

Binti yake alikuwa zamu hospitalini. Pale nyumbani hapakuwa na mtu mwingine ila mimi. Alinielekeza nilete ndoo na jagi, nichimbe udongo safi chini ya michongoma, mahali kuku hawafiki. Mikono ioshwe mara saba, na moja ya hizo saba iwe kwa udongo. Akaniambia nihesabu mimi kwa sauti, maana akili yake imeruka, anaogopa kukosea. Nikamimina. Moja, kwa udongo uliokorogwa na maji, ukimshuka kwenye viwiko mwekundu. Mbili. Tatu. Jagi lilikuwa linagonga ukingo wa ndoo kwa haraka niliyokuwa nayo. Nne. Tano. Jua lilikuwa limegusa bati la jirani. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, na mara hii sikuwa naogopa watu wa mtaani wala barua ya uhamisho. Niliogopa jua lisije likazama kabla hajasali. Sita. Saba.

Alijikung'uta maji akielekea mlangoni, akiniacha nimeshika jagi. Kisha akasimama bila kugeuka.

“Ulikuwa unaniogopa mimi?”

“Ndiyo, mama.”

“Miaka tisa,” alisema. “Kila asubuhi shikamoo, kumbe unaniogopa.”

Akaingia ndani kubadili nguo na kutawadha upya. Mfuko mpya ulikuwa kwenye kiti alipouacha. Nilikaa nje ya ua mpaka nikasikia adhana ya magharibi kutoka msikitini, na sikuweza kujua kama aliwahi. Sikuwahi kumuuliza.

Asubuhi nilisikia bajaji imekuja kumchukua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nimevaa tayari kwenda kazini. Alipita na begi lake, na kitabu amekipakata kikiwa kimefungwa kwa kanga nyingine, nyeupe, si ile ya jana. Mfuko wangu binti yake aliuleta baadaye, akaukabidhi kwa mke wangu bila maneno mengi.

Alikaa Nakapanya wiki tatu. Wiki zile niliishi kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Nilibadilisha njia ya kwenda shuleni ili nisipite mbele ya baraza tupu. Mwanafunzi mmoja aliyejifunga hijabu aliinua mkono darasani na moyo ukanisimama. Alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na ua wetu nilijua imetumwa. Hakuna aliyekuja. Fundi wa sokoni alinisalimia kama siku zote, na wale wanaume wawili sikuwaona tena. Nilitaka angalau mmoja anitukane, niache kusubiri. Sikushika sindano hata siku moja.

Alirudi siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nafagia nikasikia hodi, nikaangusha fagio. Alikuwa ameshika furushi kubwa la kiroba. Nilimpa shikamoo. Alisema marahaba, akakaa kwenye kigoda changu cha kushonea bila kukaribishwa, akaniambia nikae na mimi.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba kwa aliyechelewa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye sheikh wa kwao. Alikifungua kitabu, akakagua ukurasa kwa ukurasa, maji hayakuwa yamepita ndani. Jalada la nje lilikuwa limeguswa nayo. Angeweza kulifua, lakini kitambaa kilikuwa kimechakaa, kingesambaratika mkononi. Akalitoa mwenyewe akalizika. Mjukuu alikabidhiwa kitabu kikiwa na karatasi ngumu tu, na alikipokea kwa furaha, hakujua kilichokuwepo juu yake. Kile kipande cha kanzu, mama alisema, ndicho kitu cha mwisho alichokuwa nacho ambacho mumewe alikishona kwa mkono.

Alilisema hilo macho makavu. Aliyelia ni mimi, mtu mzima, mbele ya mke wangu aliyetoka jikoni na mwiko. Nilisema nisamehe, nikarudia, mpaka mama akainua kiganja ninyamaze.

Akafungua kiroba. Ilikuwa ngozi ya mbuzi, imekaushwa kwa chumvi, ngumu, na manyoya yake yote juu, meupe yenye mabaka meusi. Mbuzi aliyechinjwa siku ya sherehe ya mjukuu kuhitimu Kurani.

“Nimeileta na manyoya yake,” alisema, “uone mwenyewe ni nani. Huyu ni mbuzi wetu, si yule wenu.”

Mke wangu akacheka kabla hajajizuia, na mama naye mdomo ukamchezea kidogo. Kisha akatoa kamba mpya mfukoni mwa gauni lake, mafundo matatu, akaniwekea kiganjani. Alitaka jalada, alipeleke mwenyewe safari ijayo. Niliishika ile kamba nikaogopa upya kabisa, nikaanza kumweleza kwamba sijawahi kushona jalada la kitabu, kwamba ngozi ya mbuzi ni nyembamba, kwamba ningeharibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Utakosea,” alisema. “Ukikosea, njoo mlangoni siku hiyo hiyo. Hata ukikuta wageni.”

Nilimpelekea ngozi ile mzee mmoja wa Mjimwema anayelainisha ngozi kwa magome ya miti ya miwati. Nilimwomba asiparue manyoya ya ukingo mmoja, na akanishangaa. Ilirudi baada ya miezi miwili, laini, rangi ya chai, na ule mstari wa manyoya meupe pembeni. Niliitazama wiki nzima bila kuigusa. Jumamosi iliyopita nikaitandika mezani, nikapima kwa kamba, nikachora, nikapima tena, nikachukua kisu. Upande wa mgongo wa kitabu mkono uliteleza. Kipande kikapungua kwa upana wa kidole kimoja.

Ngozi ilikuwa bado inatosha kipande kingine, kwa shida, tukiacha sehemu yenye baka. Hakuna ambaye angejua. Nilikaa pale nikiambiwa na tumbo langu yale yale linayoniambia siku zote. Halafu nikavaa viatu. Barazani kwa mama nikakuta jozi sita za ndala, na sauti za watu ndani, na harufu ya maandazi. Nilipiga hodi, kile kipande mkononi. Wote wakageuka kunitazama.

“Shikamoo, mama,” nilisema. “Nimekosea.”